Mto Nimeuchagua Mwenyewe

Lemara, Arusha

Kaka Swalehe,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, wifi na wote mliomo humo ndani. Kwa mvua nilizosikia zimenyesha Tunduru, najua miguu ya wifi imeanza tena kumsumbua. Mwambie nimemuulizia yeye kwanza. Huku baridi imeshuka kutoka mlimani, asubuhi tunakunywa chai na masweta mwilini. Mimi ni mzima. Habari ya shingo inakuja, na naomba uisome mpaka mwisho.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Karatasi huwezi kuikatisha, kaka.

Siku ile nilipokupigia nikilia, ni kweli niliogopa. Nilikuwa navuka barabara kwenda kibandani kwetu, pale ninaposhonea sare za shule na Mama Kaaya, mwenye nyumba wangu. Shingo ilikuwa imekakamaa tangu nilipoamka, sikuweza kuigeuza upande wa kulia hata kidogo. Bodaboda ikatokea upande huohuo. Nilisikia breki, nikajikuta nimekaa kwenye vumbi, na yule kijana ananifokea, "Mama, huoni?" Sikuumia. Lakini nilipofika kazini hata uzi ulikataa kuingia kwenye sindano.

Nikakupigia wewe, kwa sababu wewe ndiye kaka yangu. Na wewe ukasema, "Fungasha. Shingo yako imeukataa mji huo. Namtuma mwanangu Rashidi aje akuchukue." Halafu ukaongeza habari za yule mganga wenu, kwamba nimefungwa shingo na mwanaume niliyemwacha. Kaka, yule mwanaume alishindwa kufunga hata mlango wa choo. Ataweza shingo ya mtu aliyeko Arusha?

Mama Kaaya ndiye aliyenipeleka hospitali. Picha ikapigwa, mifupa ikaonekana mizima. Wakanipeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Akanibonyezabonyeza mabegani, akaniuliza kazi yangu, kisha akauliza, "Unalalia nini?"

Nikamwambia, mto wa marehemu mama. Nikamweleza ulivyo. Wewe unaujua, maana wewe ndiye uliyenipa siku nilipoondoka: mrefu, mgumu, sufi yake imegandamana mabonge mabonge. Akaniambia mimi ninayelala ubavu natakiwa mto unaojaza nafasi iliyopo kati ya sikio na bega, usizidi wala usipungue, ili shingo inyooke na mgongo. Wangu ulikuwa unanikunja usiku kucha, kisha mchana naikunja tena mwenyewe juu ya cherehani.

Nilipokueleza, ulinijibu kwamba kuutupa mto ule ni kumtupa mama. Neno hilo liliniuma kuliko shingo. Nikaulalia tena wiki nzima kwa ajili ya neno lako. Nilivyoamka sijiwezi, nikasema basi. Mama hakunizaa nije kupindishwa na mto wake.

Tukaenda mjini na Mama Kaaya, kwenye duka la magodoro. Muuzaji, baba mmoja mwenye kofia, akaanza na mto mnene wa manyoya. "Huu ni wa hotelini, dada. Ukilala unasahau shida zote." Nikaubonyeza, mkono ukazama mpaka mezani. Akaleta mwingine uliopinda kama kwato, anasema huu ndio wa shingo hasa. Nikamwambia siwezi kujua mpaka niulalie.

"Mito hailaliwi dukani, dada."

"Viatu mnajaribisha?"

"Viatu ndiyo."

"Basi na mimi najaribisha mto. Kama haiwezekani, naenda duka la pili."

Akamtazama Mama Kaaya kama anayeomba msaada. Mama Kaaya akamwambia, "Baba, mpishe tu, mwenzio anaumwa."

Nikavua viatu, nikatandika khanga yangu juu ya godoro la maonyesho, nikalala ubavu mbele ya watu wote. Ndiyo, kaka. Dada yako, mtoto wa watu, amelala dukani mchana kweupe. Watu wakasimama mlangoni, mmoja akatoa simu anipige picha. Mama Kaaya akamgeukia, "We, huna dada kwenu?" Simu ikarudi mfukoni. Mama Kaaya akakaa nyuma yangu anaangalia shingo yangu kama tunavyoangalia mshono. Ule wa hoteli: "Kichwa kimezama." Ule wa kwato: "Umekaa kama mtu anayesikiliza mlangoni." Kila nilipoinuka nilisikia vicheko, na kila nilipolala tena nilizidi kujisikia mkaidi.

Tulioupata ni mto wa kawaida kabisa, una sponji zilizokatwakatwa na zipu ubavuni, unaweza kupunguza ndani. Nikaulalia. Mama Kaaya akasema, "Hapo." Nilikuwa bado nafunga viatu, mama mmoja mwenye kikapu akaingia kutoka kule mlangoni, akamwambia muuzaji, "Nipishe na mimi." Sikungoja kuona walivyomalizana.

Nyumbani nikautoa sponji kidogo kidogo mpaka ukanikaa. Halafu nikachukua foronya ya mama, ile yenye maua aliyoyadarizi, ilikuwa kubwa kwa mto mpya. Nikaikata, nikaipunguza. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Nimeikata kwa mkasi wangu, maua yote yamebaki.

Sitakudanganya kwamba nilipona kesho yake. Zile siku za mwanzo ilikuwa kama nalalia kichwa cha mtu mwingine. Cherehani nayo tuliinulia meza kwa matofali, na nafanya mazoezi niliyofundishwa, wateja wananiona nazungusha mabega wanacheka. Siku za baridi kali inauma bado. Lakini nageuka, kaka. Juzi nimevuka barabara nimetazama pande zote.

Kwa hiyo Rashidi asije kunichukua. Akitaka kuja kumtembelea shangazi yake, karibu, nitampikia. Nimesikia umeshamwambia baba mdogo kwamba cherehani yangu itakaa barazani kwake. Mwambie aweke viti. Shule moja ya Moshono imetupa kazi ya sare za kidato cha kwanza, na tulipoulizwa fundi ni nani, Mama Kaaya aliwaonyesha mimi. Nilipoachana na yule bwana, mlisema nitarudi kabla nguo zangu hazijakauka kwenye kamba. Zimekauka, nimezivaa mpaka zimechakaa, nimeshona nyingine.

Najua unasema kwa mapenzi. Nipende hivyohivyo, ila nikiwa hukuhuku.

Msalimie wifi, mwambie asilalie mito miwili. Msalimie baba mdogo, na shangazi mkubwa anayeniombea kila Ijumaa. Aendelee, ila asiombe nirudi. Watoto wote wabusu.

Mdogo wako,
Mwajuma,
fundi wa Lemara