Umeme wa Upepo Niliomchagulia Mama

Jumamosi, alasiri. Joto la St Marys, mtaa wetu huku ugenini, limejaa nyumba nzima. Feni inazunguka, na leo kila nikiitazama naona aibu.

Acha nikiri tu.

Wiki iliyopita kampuni ya umeme ilipiga simu kuhusu mkataba mpya. Kwetu simu za Kiingereza ni kazi yangu tangu nikiwa na miaka tisa: Mama anaongea, mimi natafsiri. Darasani siwezi hata kunyoosha mkono, lakini nikiwa nasema maneno ya Mama ninakuwa mtu mwingine. Yule bwana akauliza kama tunataka umeme wa kijani, yaani wa upepo na jua. Bei inazidi kidogo. Nilitakiwa kumuuliza Mama.

Sikumuuliza. Nilimwambia, "Sema yes," naye akasema, kwa sababu ananiamini.

Niliutaka sana. Nyumba ni ya kupanga, paa si letu, kwa hiyo paneli za jua hatuwezi kuweka. Na nimechoka kusoma habari za makaa ya mawe shuleni halafu kurudi nyumbani kuhuzunika tu.

Leo asubuhi kaka yangu Eliya akaisoma barua ya mkataba kwa sauti. "Mama, binti yako amekununulia upepo! Waya ni uleule, nguzo ni ileile!"

Mama hakucheka. "Umenisemea kitu ambacho sijasema," alisema polepole. Bora angenifokea.

Nililia kidogo. Sawa, si kidogo.

Kisha akaweka simu mezani, spika wazi. "Piga. Leo unatafsiri kila neno, hata usilolipenda."

Dada wa kampuni alikuwa mkweli. Umeme unaoingia kwetu ni mchanganyiko uleule wa jirani, na makaa yamo. Ila kwa kila kiasi tunacholipia, wanalazimika kununua kiasi hicho hicho kutoka mitambo ya upepo na jua, zaidi ya kile ambacho sheria tayari inadai. Nikatafsiri. Eliya akapiga makofi. "Si nilisema! Wali wetu bado unaiva kwa makaa," akaenda zake nje.

"Muulize," Mama akasema, "wateja wakiwa wengi, watajenga mitambo mingine?"

Wakiwa wengi, inasaidia, yule dada akajibu. Nyumba moja, mchango wake ni mdogo sana.

Hapo nikasita. Ningeweza kuliacha hilo "sana". Nani angejua?

Nililisema.

Mama akafikiri, akakunja khanga yake mapajani. "Mdogo sana, lakini upo." Akainamia simu na kusema mwenyewe, kwa Kiingereza, bila mimi: "Half, please."

Nusu ya umeme wetu iwe ya kijani. Baadaye akanipa maharage nichambue, bila kuniangalia. Nadhani tunaelekea pazuri.

Kwa hiyo umeme wa kijani unaleta tofauti au hauleti? Ukubwa wake bado siujui. Najua tu kwamba nusu hii Mama ameichagua akiwa anaelewa, na inanipa tumaini kuliko ule wote niliouchukua kwa ujanja.

Kesho baada ya ibada nataka kumweleza Mama Neema habari za umeme huu, naye ni mpangaji kama sisi. Nitaanza na ubaya wake, kisha uzuri. Nitaongea kwa niaba yangu mwenyewe, jambo ambalo sijalizoea kabisa.

Mungu anisaidie nisijifiche nyuma ya wanakwaya wenzangu.