Uchungu Kidogo kwa Nyuma

Jumanne, 1 Juni 1965

Chupa nne leo kabla wanachama hawajaingia klabu. Ya kwanza nyepesi mno, maji ya kuoshea glasi. Ya pili papai lililoiva kupita kiasi, asali, na kwa mbali sanduku la nguo za mama. Ya tatu sikuipenda. Ya nne moshi mtupu, kama banda la shangazi kule Lunyo anakokaushia samaki. Zote nimetema ndooni. Mate yangu yanakwenda sawa siku hizi, hata tone halirukii sakafu.

Bwana Finle, mzungu wangu hapa klabu, anaandika kila ninalosema. Pua yake imekufa tangu ile homa ya mwaka jana, hasikii hata harufu ya vitunguu vikiungua. Kaka yake huko Skotilandi hana kiwanda cha wiski. Ananunua pipa moja hapa, moja pale, kwa wenye viwanda, analilaza miaka na miaka, halafu anajaza chupa mwenyewe na kubandika jina la duka lake. Sasa anataka kujua wiski zake zinavumiliaje joto la Tororo. Basi pua ni yangu. Sharti ni moja tu, kumeza marufuku. Nikimeza nitafute kazi kwingine.

Mimi Bwire, mtoto wa muuza busaa wa Busia, natia mdomoni vitu vilivyolazwa pipani kabla sijazaliwa. Na navitema! Nani mwingine mpakani hapa anaweza kusema hivyo?

Jumapili, 6 Juni

Nimevuka mpaka kwenda Busia kwa mama. Baba mdogo Egesa alikuwepo, yeye ndiye mshenga wangu. Siku imekubaliwa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tunakwenda Kirewa kwa Mzee Owor, baba yake Athieno, mchumba wangu. Nitaonekana rasmi. Wakinikubali, harusi kabla ya Krismasi. Wasiponikubali, sijui. Sitaki hata kuandika.

Mama alipika samaki. Nilionja mchuzi, nikaushika mdomoni, macho yakaanza kutafuta ndoo. Nikameza haraka. Mama akauliza kama kuna mwiba. Nikasema ndiyo. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi Tororo.

Alhamisi, 17 Juni

Nimetema chai kwenye karo la jikoni. Sikukusudia, mdomo umejizoesha tu. Opio mpishi aliniona akapiga kelele: "Jamani, Bwire amekuwa mzungu! Anatema hata chai ya bure!" Walicheka mpaka wahudumu wa nje wakaja kuchungulia. Na mimi nikacheka. Ila kichwa kilivimba, nisijidanganye.

Jioni nilimpa Bwana Finle neno jipya. Ile ya moshi, ukishaitema na kungoja, kuna uchungu kidogo kwa nyuma. Alipiga meza. Kwake wiski isiyo na uchungu mwishoni ni soda. Akanifanya nirudie. Sasa nitalisema kwa kila chupa nzuri.

Amenipa nusu ya chupa hiyo iliyobaki nimpelekee baba mkwe. Inanizidi umri. Karatasi yake imeandikwa kwa mkono na kaka mtu.

Jumapili, 20 Juni

Nimekutana na Athieno baada ya misa. Uso mchovu, vidole vina unga wa wimbi. Wiki nzima anafundisha darasa la kwanza asubuhi, mchana anashughulika na pombe. Pombe ya siku yangu anaipika yeye mwenyewe, ya kwanza maishani mwake kwa mgeni. Mama yake amekaa pembeni makusudi. Bibi yake anaangalia tu. Ukoo mzima unajua chungu hicho ni cha Athieno, na kwa chungu hicho watamjua kama ni mke au bado ni mtoto.

Nilimwambia asihofu, nitaionja kama ninavyoonja za wazungu na kuisifu mbele ya wazee wote.

Akasema, "Wewe kunywa tu, Bwire."

Jumamosi, 26 Juni, asubuhi

Suti imenyooshwa. Chupa nimeizungushia gazeti. Baba mdogo anapiga kengele ya baiskeli nje. Nakwenda kuoa!

Jumapili, 27 Juni

Sijala. Sijakwenda kanisani. Niandike labda kifua kitapungua.

Tulipokewa vizuri. Kuku, kalo la wimbi, karanga. Wazee wa ukoo walikaa kuzunguka chungu, mirija mirefu mikononi. Nikatoa chupa yangu. Nikahutubia, mjinga mimi. Pipa, miaka, kaka wa Bwana Finle, duka lake. Mzee Owor akamiminiwa, akagugumia yote mara moja, akafuta mdomo. "Hii ni enguli," akasema, yaani gongo yetu ya kienyeji. Wazee wakacheka vizuri tu, kwa wema. Mimi nikamkosoa. Nikamkosoa baba mkwe! Si hivyo, mzee, kwanza unanusa, halafu unashika mdomoni. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Sikusikia.

Athieno akaja na maji ya moto, akajaza chungu chenye kimea cha wimbi, akapiga magoti, akarudi nyuma kidogo kungoja. Kwao mwenye nyumba ndiye anayevuta kwanza, mgeni aone pombe ni safi, halafu anampa mgeni mrija. Nalijua hilo tangu utoto, hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini Mzee Owor alipounyoosha mkono kuchukua mrija, mimi nilikuwa nimeshauchukua. Kuonja si ndiyo kazi yangu?

Nikavuta. Nikafumba macho. Nikashika mdomoni, nikazungusha ulimini. Pembeni ya mlango kulikuwa na beseni la kunawia mikono. Nikainama nikatema humo. Kwa ustadi. Hata tone halikuruka. Halafu nikainua uso na kutoa hukumu yangu, kwa sauti ya klabu: "Nzuri sana. Kuna uchungu kidogo kwa nyuma."

Loo.

 Mirija ikawekwa chini, mmoja mmoja. Mgeni amevuta wa kwanza, ametema, amesema kuna uchungu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua nimesema nini. Nimesema sumu. Nimesema Athieno ameniwekea sumu, mbele ya baba yake, mbele ya bibi yake, mbele ya ukoo wote.

Mzee Owor hakupandisha sauti. "Wewe natema? Kwangu? Pombe ya mtoto yangu?"

Nilijaribu kueleza. Nikaokota chupa ya wiski niwaonyeshe klabu tunavyofanya, nikapiga funda, nikatema na hiyo. Mungu wangu, nilidhani itasaidia! Bibi akainuka akatoka. Athieno alikuwa bado amepiga magoti. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi kwanza.

Tukarudi, baba mdogo mbele kwa baiskeli yake. Pale barabara ya Busia inapoachana na ya Tororo alishuka kwenye baiskeli, akaniangalia, akapanda tena, akaenda zake.

Jumatatu, 28 Juni

Aibu. Natamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 29 Juni

Nimemwambia Bwana Finle sitaonja. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa, akasema atamwandikia kaka yake. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Halafu nikamimina chupa mbili kwenye glasi, nikanusa, nikaonja, nikatema, nikasema maneno. Kazi ni kazi. Nilijichukia na mimi.

Opio amesikia. Tororo nzima imesikia. Leo hakunitania. Alinipa ugali akatazama pembeni. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 4 Julai

Baba mdogo ametoka Kirewa. Alikwenda peke yake kuomba msamaha kwa niaba yangu. Nilidhani ataniambia wamekataa ndoa, nikawa tayari kwa hilo. Aliyoniletea ni mabaya zaidi.

Watu hawali tena kwa Mzee Owor. Jirani alileta mtoto wake shuleni akamhamisha mstari, asikae karibu na meza ya Athieno. Ndizi mbivu ambazo Athieno huwagawia watoto siku ya Ijumaa zimerudi nyumbani kwenye kikapu. Shangazi yake wa Sikuda alikuja kusalimia, akakataa hata maji. Wanamwita "yule wa uchungu". Neno langu hilo. Neno la Bwana Finle la kupigia meza, sasa ni jina la mwanamke Kirewa.

Mimi nilikuwa nalia kwamba nimeaibika! Mimi naendesha baiskeli kwenda kazini, nalipwa, nalala. Yeye ndiye anayekaa ndani ya aibu niliyoitema.

Ujumbe wa Mzee Owor ni mfupi. Nirudi Jumamosi. Bila chupa.

Alhamisi, 8 Julai

Siku mbili hizi najizoesha kumeza. Maji. Chai. Naweka mdomoni, nameza papo hapo, kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Opio anadhani naumwa koo.

Jumamosi, 10 Julai

Wote walikuwepo. Wazee wale wale, na majirani zaidi, na yule mwenye mtoto, na shangazi wa Sikuda. Hakukuwa na kuku. Chungu tu katikati.

Nilipiga magoti kabla sijaambiwa. Nikasema kosa ni langu, ulimi wangu umeharibiwa na kazi, pombe ile haikuwa na kitu. Mzee Owor akasema, "Maneno baadaye." Nikanyoosha mkono nichukue mrija, ninywe mbele yao wote, nimalize. Wanipe chungu kizima, nilikuwa tayari kulewa mpaka nianguke.

Akaurudisha mkono wangu. Si mimi wa kuanza.

Athieno akatoka ndani. Nguo yake ya kufundishia, ile ya bluu. Akachukua mrija. Mwanamke, mbele ya wazee, wa kwanza. Akavuta kwa muda mrefu. Akameza. Akafungua mdomo, akazunguka nao taratibu kila mtu aone ndani, kama mgonjwa anayeonyesha amemeza kidonge. Alipofika kwa yule mwenye mtoto alisimama zaidi. Kwangu hakusimama.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa nimekuja kubeba aibu yangu mwenyewe, kumbe ilibidi aibebe yeye, mdomo wazi kama mshtakiwa. Nilitazama chini. Sikuweza kumtazama.

Kisha akanipa mrija. Nikanywa, nikanywa, mpaka Mzee Owor akasema basi. Wazee wakafuata. Shangazi wa Sikuda akafuata. Mwenye mtoto alikuwa wa mwisho kunyanyua mrija.

Sikusema pombe ina ladha gani. Naijua. Sitaiandika.

Mzee Owor akasema, "Sasa nafunga maneno." Ndoa imekubaliwa. Baba mdogo alitabasamu mara ya kwanza tangu ile siku. Mimi nilishindwa.

Jumamosi, 14 Agosti

Bwana Finle ameondoka. Wanachama waliagana naye kwa chupa zote za kaka yake, nyingine hata hazikunuswa. Alinishika mkono, akasema pua yangu ina thamani. Nikamwambia asante, bwana. Ndoo ya kutemea nimeiosha nikampa Opio. Anatia maganda.

Jumapili, 21 Novemba

Tumefunga ndoa Kirewa. Bibi yake alicheza. Wanafunzi wa darasa la kwanza waliimba, mtoto wa yule jirani mstari wa mbele. Kila mtu alisema imepita. Nami nimeamua kuamini imepita.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua usiku kucha. Athieno ameamka kabla yangu, amewasha moto. Ameleta chai. Kabla ya kuniwekea, amenywa funda moja mbele yangu, amemeza, halafu akanipa kikombe kwa mikono miwili. Jana vivyo hivyo. Na uji wa juzi. Na maji ya kunywa, kila mara, tangu tulipooana.

Mwanzo nilidhani ananitania. Nilicheka. Hakucheka, wala hakununa. Alinyoosha tu kikombe.

Leo sikucheka. Nimepokea nikanywa. Ilikuwa tamu.