Babu Yako Hakusema Hivyo

Nanjala mjukuu wangu,

Kalamu sijui kushika, unajua. Haya namwambia jirani yetu Mama Rose ayaandike, na nimemwapisha asiongeze neno. Alitaka kuandika "nimesikitika". Nimemkataza. Nimekasirika.

Unakumbuka ukijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, tukipukuchua mahindi hapa Navakholo? Ulikuwa unaimbanga: weka mkato, fungua alama za kunukuu, anza na herufi kubwa, nukta iingie ndani kabla hujafunga. Nikakuuliza, "Hizo alama ni za kazi gani?"

"Kukhu, ni kama seng'enge. Ndani ni maneno ya mtu vile alivyosema mwenyewe. Hakuna kugusa."

Babu yako, ametoka kukata miwa, akadakia, "Basi yangu usitie huko, yatararua daftari!"

Halafu siku ya kumzika ukasimama na ile historia ya marehemu, Kiingereza kitupu, mwalimu wa kanisa akitafsiri: "Mzee alisema, 'Ninaenda kwa amani. Pendaneni.'" Watu wakaitikia amina. Mimi nilikaa kama nimemwagiwa maji. Mama Rose ameiangalia hiyo karatasi. Anasema mkato uko, herufi kubwa iko, nukta iko ndani. Kila kitu sawasawa. Ni babu yako tu hayuko.

Siku yake ya mwisho wewe ulikuwa Nairobi. Mimi nilikuwa naye. Alionja uji akasema, "Nafula, huu uji hauna sukari. Hata leo unaninyima?" Nikaenda jikoni kuchukua sukari. Niliporudi, alikuwa ameenda.

Hayo ndiyo maneno. Aliniambia mimi, kwa jina langu, na wewe umeyafuta mbele ya watu wote ukaweka ya mhubiri.

Nilipokupigia simu ukasema, "Lakini Kukhu, watu wangecheka." Si wacheke! Yeye alikuwa anawachekeshanga hata kwa matanga ya wengine.

Sasa nasikia umemwambia fundi aandike hayo ya amani kwa saruji ya kaburi. Jaribu. Atanikuta nimekaa juu yake na jembe. Karatasi itaoza, lakini saruji watoto wako wataisoma, na watamjua mzee ambaye hakuwahi kuishi hapa.

Niliolewa naye nikiwa msichana, na hakuna siku aliongea kama askofu. Ile sauti yake ndiyo nimebaki nayo. Usininyang'anye.

Mpigie fundi leo. Kisha uje nyumbani, na usilete zawadi. Nitakuchinjia ingokho, kuku mzima, lakini nitakugombeza kwanza, ndipo ule.

Ni mimi Kukhu wako,
Nafula wake.