Bangili ya Baba

Minnesota, 9 Machi

Kaka yangu Wesley,

Nakusalimu wewe na wifi Joanne. Natumaini goti lako limeanza kukuachia. Huku theluji imekaa kama mgeni asiyejua kuaga, lakini mwili wangu haujambo.

Barua yako nimeipata. Umeweka wakili umshitaki muuguzi Darlene, kwa kuwa aliiamini bangili ya kliniki ya kupimia moyo, iliyoonyesha Baba ni mzima hadi siku aliyokufa. Kabla hujafika mbali, nisikilize.

Unazijua Jumamosi za Baba: bila kuketi kwenye sauna, kile kibanda chake cha mvuke wa moto, hakuwa mtu. Bangili ilipoanza kupeleka mapigo ya moyo wake na hesabu ya hatua zake kliniki, kila Jumamosi simu ililia. Darlene akasema moyo unakwenda mbio mno. Mambo yakiendelea hivyo, mzee hawezi kuachwa nyumbani, atahamishiwa nyumba ya wazee. Baba akaivua, akaifunga mkononi mwangu. "Arlene, ivae saa moja tu. Sauna nimeijenga kwa mikono yangu, halafu nimwombe ruhusa nani?"

Saa moja ikawa Jumamosi nzima, Jumamosi ikawa juma zima. Mimi nakanda mkate na kuzoa theluji, Darlene anampongeza Baba kwa kutembea sana. Tulicheka, kaka, hadi machozi.

Januari miguu yake ikavimba, akawa analala amekaa kitini. Nikampigia Darlene. Akatazama namba zake, akaniambia kwa upole, "Dada, moyo wa mzee uko sawa kabisa. Usijitie hofu."

Bangili ilikuwa mkononi mwangu. Baba alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa nisiseme. Nikashukuru, nikakata simu. Siku ya tisa akafa.

Wakili wako akiletewa kumbukumbu za bangili, ataona moyo wa Baba uliendelea kupiga saa tano nzima baada ya kufa kwake, nanyi mtasema mashine ni mbovu. Si mbovu. Nilimkuta kitini alfajiri, nikamwosha, nikamvisha shati lake la kanisani, na mchana ndipo nilipokumbuka kuivua. Ule moyo ni wangu.

Mwache Darlene. Wa kushitakiwa ndiye anayekuandikia.

Wasalimie wifi na watoto, kama bado unaona salamu zangu zinafaa kufikishwa.

Dada yako,
Arlene Lahti