Sigiri Mbili

Jumatatu, 14 Aprili

Maji yamefika ngazi ya chini. Ziwa limekula Ggaba, limekula Kansanga yote — duka nilikouza vitenge, baa zile zilizoninyima usingizi. Redio kabla ya kunyamaza ilisema miji mingi duniani imezama. Haikutaja ipi. Vilima vya Kampala sasa ni visiwa. Kisugu yetu inapungua kila asubuhi. Mbuya ndiko kwenye taa, kwa wanajeshi, na ndiko watu wanakimbilia.

Zéphyrin, jirani yangu Mkongomani, kaleta mtumbwi wake, safari ya mwisho. Nafasi moja imebaki, kwenye ubao wa mbele. Nimetia mguu — nani kakaa mbele? Sifuna.

Sifuna aliyemkata mdogo wangu Travis kwa panga, kwenye mpaka wa shamba, kule Bungoma. Mashahidi wakaogopa, akaachiwa. Hapa Kampala tumekwepana miaka yote. Yeye ibada ya asubuhi, mimi ya mchana.

Kwetu, wenye damu kati yao hawali chungu kimoja, hawaoti moto mmoja, mpaka wazee wachinje kondoo. Wakivunja mwiko, mtu anavimba, anakufa. Kondoo huyo hakuchinjwa. Nikatoa mguu.

Sifuna akashuka, akasimama kwenye ngazi yangu. Dada, kaa wewe basi. Kaniita dada! Nikakaeje alipokaa yeye, ubao bado una joto lake?

Zéphyrin kachoka nasi. "Mama, kiti ni kiti tu. Maji haingoji mtu. Ninyi ba-Kenya muko ba wazimu." Kapiga kafi, mkondo ukamchukua. Tumebaki wawili.

Nimelia kwa hasira. Hasira ya nani, sijui.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempa chumba cha Sumayiya, jirani aliyekimbia wiki iliyopita na kuacha kila kitu, hata sigiri yake ya mkaa. Kwa hiyo Sifuna ana sigiri yake, nina yangu. Mkaa uliokuwa guniani nimeugawa sawasawa, ingawa nilitamani nimpe vumbi. Unga pia. Anapika kule, napika huku. Moshi tu ndio unakutana kwenye korido. Kuhusu moshi wazee hawakusema kitu.

Jioni nimesikia mluzi. Ule wa Travis akirudisha ng'ombe — juu, juu, halafu chini. Umetoka majini. Nimeogopa, na nimefurahi pia. Mtu hufurahi hata kwa kitu cha kutisha, kikiwa chake.

Alhamisi, 17 Aprili

Homa tangu jana. Mifupa inauma yote.

Nimeamka, kuna kikombe kizingitini. Sifuna amesimama mbali, amegeukia ukuta. Ni maji ya mvua, kasema, hayajagusa moto wangu. Kumbe mwiko anaushika kuliko mimi. Nilitaka awe mnyama. Mnyama hakingi maji ya mvua ili mgonjwa asivimbe.

Nimekunywa. Nikamuuliza kwa nini alishuka mtumbwini. Ameuambia ukuta: "Nyumbani kwenu nilishatoa mtu mmoja. Wa pili ningemweka wapi?"

Nimemwambia atoke. Ametoka. Nikataka arudi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Taa za Mbuya zimezimika. Zote. Tumesimama dirishani, yeye lake, mimi langu, tukaangalia giza. Hakuna mtumbwi utakaokuja.

Na mkaa unaisha. Fanicha imelowa, haishiki moto. Wajinga sisi! Mkaa ule kwa sigiri moja ungetufikisha mbali. Tumeuchoma mara mbilimbili, kila mtu na kisufuria chake, kama wake wenza walionuniana. Nimemwambia hivyo. Amecheka. Nami nimecheka, tumbo likauma.

Ana pengo la jino upande wa kushoto. Miaka yote nimemchukia nisijue. Nimelipenda pengo lile. Basi, nimeandika. Mungu anisamehe, na Travis asisome.

Jumamosi, 19 Aprili

Mluzi tena. Sasa uko kwenye ngazi. Sifuna sikumwambia. Angedhani namkumbusha. Labda ningekuwa namkumbusha.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mkaa wangu peke yake hauchemshi maji. Wake vivyo hivyo. Ukiwekwa pamoja, unaivisha ugali mmoja.

Ameleta wake kwenye kopo, akauweka chini, akarudi nyuma kama kawaida yake. Uamuzi ni wako, kasema, aliyekufa ni wenu. Nimekaa na lile kopo asubuhi yote. Mchana nikaumimina kwenye sigiri yangu, nikawasha. Haukutofautiana, wake na wangu. Umeshika haraka.

"Ukivimba je?" Sifuna kauliza.

"Nivimbe nimeshiba."

Nimesonga ugali. Nimetandika mkeka, nimepakua sahani moja, nimemwambia akae. Amekaa karibu. Nasikia harufu yake, sabuni na moshi. Namtaka huyu mtu. Namtaka, na mikono yake ndiyo ile ile.

Kanawa. Nimenawa. Ndipo mluzi ukaja — humu chumbani. Nimekaza macho kwenye ugali nisionekane kichaa.

Lakini Sifuna ameinua kichwa, ameangalia mlango.

Anausikia. Tangu Bungoma anausikia, kila mahali alikohamia. Kaniambia polepole, bila kuondoa macho mlangoni: huwa anaanza pale, halafu anasogea. Hajawahi kukaa. Kisha kauliza, sauti yake imekwisha kabisa:

"Tumtengee?"

Nimechukua kalamu ili mkono wangu upate kazi. Ugali unapoa. Sifuna ananingoja, mkono wake uko juu ya sahani, haugusi. Mlango uko wazi, na niliufunga mimi.

Maji bado yako ngazini, nimechungulia. Korido ni kavu. Lakini mkeka, upande ule ambao hatujakaa, umeanza kulowa.