Makaa Yasiyopika

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Milio ya risasi tuliyoisikia jana upande wa mtaa wa Kanyosha imenyamaza, lakini shuleni ninakofundisha kemia wanafunzi wamekuja wachache, nikabaki na maabara peke yangu.

Leo nimefaulu, na sina wa kumwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Mazutu, yaani dizeli, ya jenereta ya shule tunayaweka muda mrefu, maana hatujui lini yatapatikana mengine. Yakikaa sana yanakuwa meusi, yananuka, yanafanya utando unaoziba mashine. Nilishuku uchafu wenye naitrojeni. Basi nikasaga makaa ya kupikia, nikayaloweka kwenye asidi ya batri, nikayaosha mpaka ukali ukaisha, nikayakausha na kuyashindilia ndani ya bomba la kioo. Mazutu yakapita humo tone kwa tone. Kisha, wiki kadhaa zilizopita, nikaweka chupa mbili dirishani, moja ya yaliyochujwa na moja ya yasiyochujwa.

Yasiyochujwa sasa yana rangi ya chai nzito. Yaliyochujwa bado ni ya manjano, safi. Sina chombo cha kupima naitrojeni yenyewe, kwa hiyo sitajigamba. Lakini nilicheka peke yangu kama mwehu.

Niseme ukweli: sikuanza kazi hii kwa ajili ya jenereta. Tangu mke wangu, Mama Aline, akimbilie Kigoma na watoto, nashinda maabara kwa sababu huko hakuna kitanda cha mtu asiyekuwepo. Habari zake sijazipata siku nyingi. Naogopa amezoea kuishi bila mimi.

Naogopa hilo kuliko risasi.

Jioni nilirudi mtaani kwangu, Cibitoke, na chupa zangu mfukoni. Nikapita kwa jirani yangu, Mama Shantali, anayeniuzia makaa. Alinitazama vizuri kabla ya kunipimia.

"Profesa, makala yangu unakamata kila siku, na ku nyumba yako apana moshi. Unakulaka nini?"

Nikamwambia yanasafisha mazutu.

"Kumbe mazutu inakula, na we unalala njaa?"

Nilicheka, lakini maneno yalinichoma. Ni kweli, naishi kwa mkate na chai ya shule. Mbabula yetu, lile jiko la makaa Mama Aline alilolinunua mwenyewe, imejaa majani makavu uani. Nikatoa chupa nimwoneshe, mradi tu mtu mmoja azione. Akaziinua kwenye mwanga, akazigeuza.

"Hii ni muzuri. Mama Aline akirudi, umuoneshe."

*Akirudi.* Alilisema kama mtu anayezungumzia soko la kesho. Nikarudisha chupa mfukoni.

Nyumbani nimeondoa majani nikawasha mbabula. Mikono imepima maharage kwa mazoea, na nilipozinduka sufuria lilikuwa limejaa kama zamani. Moshi ulinitoa machozi. Sitasema ni moshi peke yake.

Ndipo sauti ikavuka ua:

"Profesa! Leo moshi naona!"

"Lete sahani, mama!" nikajibu. "Nimepika ya watu wengi!"

Nilipaza sauti mno, nikajishtua mwenyewe. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwita mtu aje kula katika nyumba hii.