Kamera ya Jirani Imenikosesha Mchumba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijahama mtaa kwa aibu. Mimi ni msusi, mjane, na saluni yangu inatazamana na duka la vifaa vya umeme la jirani tunayemwita Bwana Waya, ambaye alipoibiwa feni alifunga kamera juu ya mlango, nasi tukasema sawa, mtu alinde mali yake, kumbe ile kamera inamulika barabara nzima mpaka kizingiti changu, na picha anazionyesha kwenye televisheni kubwa humo dukani, watu wanakaa wanatazama nani kapita na nani, na anayewahi kiti cha mbele kila siku ni mama mkwe wangu, mama wa marehemu, ambaye jioni hunipigia simu: "Mkamwana, fundi viatu leo kasimama sana mlangoni kwako. Viatu gani hivyo visivyoisha kushonwa?"

Ni kweli fundi viatu ananipenda, nami nampenda, lakini tulitaka kwanza tujuane polepole, sasa mtajuana vipi mtaa mzima ukiwakodolea macho? Nilipomwomba Bwana Waya aigeuze kamera alicheka, "Barabara si ya baba yako, dada," basi hasira zikanipanda, nikasema mnataka sinema, nitawapa sinema, nikamwita binamu yangu dereva wa lori, mtu wa miraba minne, avae suti, aje na maua, apige goti palepale barabarani, nami nikashika kifua nikajifanya nazimia mikononi mwake, na nasikia mle dukani walipiga vigelegele na mama mkwe akajimwagia chai. Nilicheka mpaka machozi, kumbe fundi viatu naye alikuwemo! Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na viatu vyangu amenirudishia kupitia kwa mama mkwe, kimoja bado kimeachama. Nifanyeje?

Msusi Niliyejikaanga

Msusi, pole. Nimecheka, sikufichi, lakini sasa nisikilize.

Kukasirika ulikuwa na haki. Mtu akisimama mlangoni pake hajawakaribisha watu wamfanye tamthilia. Ila wewe ulitaka kuwakomoa watazamaji, ukamkomoa mwenzako. Ungemdokeza mapema ungepungukiwa nini? Na yeye alifuata nini mle dukani? Muulize. Akisema alikwenda kununua balbu, mwambie akuonyeshe balbu.

Leo hii mchukue huyo binamu, bila suti, mwende mpaka kibandani kwa fundi, mmweleze ana kwa ana. Usimtumie ujumbe wa simu. Ameshaona mengi kwenye kioo.

Kisha nenda kwa mama mkwe. Umeniandikia mambo yote hayo, hujataja hata mara moja kwamba ulimtembelea. Mama kafiwa na mwanawe, na kile kiti ndipo mahali pekee anapokuona. Kaa naye, umwambie kwa kinywa chako kwamba unataka kuolewa tena. Atanuna. Mwache anune, kesho yake urudi.

Bwana Waya usimwendee peke yako. Wakusanye kinyozi, muuza magazeti, na kila anayeonekana kwenye ile televisheni, mwende mchana, mmtake aielekeze kamera mlangoni kwake na azime picha mbele ya wateja. Akileta kiburi, pelekeni malalamiko ofisi ya mtaa.

Halafu nunua pazia zito la mlangoni. Fundi akirudi, lifunge, na yatakayosemwa nyuma yake usimsimulie mtu, hata mimi.